Wino Mwekundu

Katika miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja huko Kaengesa, nilikuwa na kazi moja niliyoichukia. Mtoto alipofariki nilifungua daftari la mahudhurio, nikapiga mstari wa wino mwekundu juu ya jina lake, na pembeni nikaandika "amefariki". Amefariki kwa nini? Daftari halikuwa na nafasi ya swali hilo. Baadhi yao walikuwa wameteremka na wazazi wao kwenye bonde la Ziwa Rukwa, penye joto na mbu, wakarudi huku juu kwenye baridi ya Ufipa wakiwa na homa, wakafia nyumbani. Hospitali haikuwaona, na vitabu vyake havikuwataja.

Nililikumbuka daftari lile miaka mingi baadaye, niliposoma habari za TEHIP, mradi wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilikuwa imedai kwamba nchi maskini zingeokoa maisha mengi kwa fedha kidogo, endapo fedha hizo zingeelekezwa kwenye maradhi yanayoua zaidi. Lakini utayajuaje, ikiwa watu wengi hufia majumbani?

Huko Rufiji, kuanzia mwaka 1998, wadadisi walipita nyumba kwa nyumba mara tatu kwa mwaka, miongoni mwa watu wapatao 85,000, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipotokea kifo, mtu aliyefunzwa kazi hiyo aliketi na wafiwa. Homa ilianza lini? Mtoto alikakamaa? Alipumua kwa shida? Alipelekwa zahanati? Madaktari walisoma majibu, wakataja sababu iliyoelekea zaidi (makisio, si vipimo vya maabara), ndipo yote yakaingizwa kwenye kompyuta.

Kompyuta nayo haikufanya muujiza. Ilichora tu, bega kwa bega, mzigo wa kila ugonjwa na fedha ulizotengewa. Morogoro, malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea. Bajeti ya 1996 iliipa asilimia 5. Hapo hata asiyependa hesabu anaelewa. Fedha zikaelekezwa upya, watumishi wa zahanati wakafunzwa upya kutibu watoto, vyandarua vikahimizwa. Katika miaka iliyofuata, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wanaoisifu mashine waisifu. Mimi namfikiria yule aliyeketi mkekani na kuuliza.

Maana mkeka huo nami niliukalia. Misiba yote ile nilihudhuria, wala sikuuliza neno, kwa kuwa kumhoji mfiwa niliona si adabu. Mama mmoja alinisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, jinsi mwanawe alivyotetemeka siku tatu. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikampa pole, nikarudi shuleni kuchukua kalamu nyekundu.