Kitambulisho cha Taifa kilichopotea (Tabora)

Kadi inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ya Tanzania (NIDA), iliyoanzishwa 2008. Mkazi wa Tabora akiipoteza huanzia polisi kupata taarifa ya upotevu, kisha huipeleka ofisi ya NIDA ya wilaya na kulipa ada. Namba yake ya tarakimu 20, inayoanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, haibadiliki. Hilo ni jambo kubwa: Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa namba hiyo na alama za vidole zilianza kufungwa. Pasipoti nayo huidai. Mkulima wa tumbaku wa wilaya ya Urambo au Kaliua, andika namba yako daftarini, uifungie sandukuni.