Divai Tamu na Sahani Yake: Historia Fupi kwa Wakristo wa Singida

Katika sharika zetu za mkoa wa Singida neno "divai" husikika madhabahuni, na neno "pombe" husikika tunapoonya. Kati ya maneno hayo mawili pana swali ambalo wanafunzi wa theolojia hutuuliza, na washarika nao hutuuliza wakishatoka ibadani: kama kinywaji hiki ni kibaya, mbona Bwana alikiweka mezani pake? Na kama ni chema, mbona kimebomoa nyumba nyingi namna hii?

Tunajaribu kujibu kwa njia ya historia, tukifuata kitu kimoja tu, yaani divai tamu yenye harufu nzuri na chakula kilichoandaliwa pamoja nayo. Tunaona kwamba katika Maandiko, katika kanisa la kale na katika desturi za wazee wetu, kinywaji kitamu kilikuwa na sahani yake na kilikuwa na watu wake. Madhara yaliingia kikombe kilipotengwa navyo.

Meza mbili za Mithali

Watu wa nchi za Biblia mara nyingi hawakunywa divai kama ilivyotoka katika chombo chake. Waliichanganya na maji, au na asali na viungo. Wimbo Ulio Bora 8:2 unataja divai yenye viungo pamoja na maji ya komamanga, na 5:1 unaweka pamoja asali, divai na maziwa. Warumi nao walikuwa na divai ya asali waliyoiita mulsum, na desturi yao ilikuwa kuinywa mwanzoni mwa karamu pamoja na vyakula vyepesi vya kufungulia mlo.

Kitabu cha Mithali kinaitaja divai ya kuchanganywa mara mbili, na inafaa tuzisome sura hizo pamoja. Katika sura ya 9 Hekima anachinja, anachanganya divai, anaandaa meza, kisha anatuma watumishi wake kuwaita wajinga waje wale na kunywa. Katika sura ya 23 wako watu wanaokawia kwenye mvinyo na kwenda kuitafuta hiyo iliyochanganywa. Hao wana macho mekundu, ugomvi na majeraha yasiyo na sababu. Kinywaji ni kile kile. Lakini katika meza ya kwanza kuna nyama, mkate na wageni walioalikwa, na katika ile ya pili hatuoni mkate, wala mwenyeji, wala mgeni. Kuna mtu na kikombe chake tu.

Nehemia 8:10 inakaza jambo hilo hilo. Watu walikuwa wakilia baada ya kusikia torati ikisomwa. Wakaambiwa waende wakale vyakula vinono, wakanywe vitamu, tena wampelekee sehemu yake yule ambaye hakuandaliwa kitu. Unono, utamu na jirani vimewekwa katika agizo moja.

Mpishi yeyote anaelewa kwa nini unono na utamu viliwekwa pamoja. Uchachu uliomo ndani ya zabibu hukata mafuta yanayolemea ulimi, na utamu wake hutuliza ukali wa pilipili na tangawizi. Chumvi nayo huufanya utamu uonekane zaidi. Ndiyo maana divai tamu yenye harufu ya maua na matunda hupatana na kuku wa kienyeji, ambaye mkoa wetu unasifika kwaye, akibanikwa kwa pilipili. Hupatana pia na karanga za kukaangwa kwa chumvi, na vitunguu vyetu vikikaangwa polepole hadi vitoe utamu wake. Lakini ukiila pamoja na kitu kitamu kuliko yenyewe, divai hiyo hugeuka chachu mdomoni. Kila ladha inahitaji mwenzake, na hakuna ladha inayojitosheleza.

Kutoka Pasaka hadi kanisa la kale

Wayahudi waliingiza maarifa hayo katika ibada yao. Kutoka 12:8 inaagiza mwanakondoo wa Pasaka aliwe pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa yapata mwaka 200 BK, inataja vikombe vinne vya divai katika usiku huo, na pia mchanganyiko uitwao haroseti, ambao hutengenezwa kwa matunda, viungo na divai. Uchungu wa utumwa haukufichwa. Uliwekwa mezani ukapewa utamu wa kuandamana nao. Sisi tuliokula mchunga pamoja na ugali wa uwele tunajua ulimi unavyotamani kitu kitamu baada ya majani yale.

Siku ya Pentekoste wenye dhihaka walisema kwamba mitume wamelewa. Neno la Kigiriki lililotumika katika Matendo 2:13 ni gleukos, divai changa na tamu, lenye asili moja na neno glukosi tunalolisikia hospitalini. Haikupita miaka mingi, dhihaka hiyo ikawa na ukweli wa aibu kule Korintho. Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 11 kwamba walipokusanyika kula, huyu alikuwa na njaa na yule amelewa. Tuangalie dawa aliyowapa. Hakuondoa kikombe. Aliwaagiza wangojeane. Ugonjwa wao ulikuwa kutengana, na tiba ilikuwa kurudi kwenye meza moja.

Kanisa la karne za kwanza lilikuwa na desturi ambayo Mkristo wa Singida angeifurahia. Maandiko ya kale yajulikanayo kama Mapokeo ya Mitume yanaeleza kwamba waliobatizwa walipewa mkate, na pamoja nao kikombe cha maji, kikombe cha maziwa yaliyochanganywa na asali, na kikombe cha divai. Tertulliano wa Karthago, katika Afrika ya Kaskazini, naye anataja mwanzoni mwa karne ya 3 maziwa na asali waliyoonjeshwa waliotoka katika maji ya ubatizo. Ilikuwa ishara ya nchi ya ahadi, na ilionjwa kwa ulimi kabla ya kufafanuliwa kwa mahubiri.

Baadaye kutengana kukarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1415 Mtaguso wa Konstanz ulithibitisha kwamba waumini wasio makasisi wapokee mkate tu, na kikombe kibaki kwa kasisi. Martin Luther alilipinga jambo hilo katika maandiko yake ya mwaka 1520, akisema kwamba Kristo aliwapa wote. Luther huyo huyo, ambaye mkewe Katharina alipika bia nyumbani kwao Wittenberg, alihubiri kwa ukali dhidi ya ulevi wa Wajerumani wenzake. Hakuona mgongano wowote kati ya kurudisha kikombe kwa watu na kukemea ulevi.

Asali, mtama na injili

Wazee wetu Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wagogo hawakuwa na zabibu, lakini walikuwa na mizinga ya magogo juu ya miti, na misitu ya Manyoni na Itigi inatoa asali hadi leo. Pombe ya asali, ambayo wengi huiita wanzuki, na ile ya mtama na uwele, zilikuwa na mahali pake: harusi, mavuno, mashauri ya wazee, na kazi ya shamba iliyofanywa kwa ujima. Zilikuwa na wenyeji na wageni. Hatusemi kwamba zamani hakukuwa na walevi. Tunasema kinywaji kilikuwa na wakati wake, na mezani palikuwa na macho ya kumwangalia mnywaji. Fedha ilipoingia, pombe ikawa bidhaa ya kilabuni. Mtu akaweza kununua kikombe bila sahani, bila sherehe na bila jirani wa kumwambia basi, inatosha.

Injili ya Kilutheri ililetwa Iramba na wamisionari wa Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1920 kazi hiyo ikachukuliwa na Kanisa la Augustana la Marekani, lililoanzishwa na Waswidi waliohamia huko. Hao walitoka katika mwamko wa uchaji, tena katika nchi ambayo ilipiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Kwa uchaji wa namna hiyo, kuacha pombe kulikuwa alama ya mtu aliyeongoka. Tunaheshimu urithi huo, maana uliwaokoa wake na watoto wengi. Lakini pia tumerithi ukimya: tunajua kuikataza pombe, na hatujui sana kuizungumzia divai.

Wakati huohuo mizabibu imetukaribia. Katikati ya karne ya 20 mapadre Wakatoliki walipanda zabibu huko Bihawana, Dodoma, kwa ajili ya divai ya misa. Kilimo hicho kikaenea, kikapata kituo chake cha utafiti Makutupora, na leo jirani zetu wanavuna mara mbili kwa mwaka. Wako wakulima walioona zabibu zao zikiharibika kwa kukosa mnunuzi. Kwa hiyo divai ya meza ya Bwana ni jasho la watu tunaowafahamu, na sharika zetu zingetafakari hilo zinapoagiza chupa zake.

Tufundishe nini basi? Kwanza, ndugu aliyefungwa na ulevi asishawishiwe hata kwa tone. Warumi 14:21 inatosha, na mchungaji wake atafute pamoja naye namna ya kupokea sakramenti bila kujikwaa. Pombe si chai, na utamu wa divai huficha nguvu yake. Pili, aliye huru asijisifu kwa uhuru wake, bali ajiulize maswali ya Mithali: meza iko wapi, chakula kiko wapi, nani amealikwa? Kikombe kinachonyweka tu pale ambapo mke na watoto hawaoni kimekwisha kujihukumu.

Tatu, tuifundishe Meza ya Bwana kama meza kweli. Pale mkate na kikombe havitenganishwi, na anayepiga magoti kando yako si mgeni tena. Tukitoka hapo tukamkuta jirani ambaye hakuandaliwa kitu, hasa nyakati ambazo mvua za Singida ni chache na maghala ni mepesi, tumpelekee sehemu yake. Bila hilo, hata kinywaji kitamu kuliko vyote hakijakamilisha agizo la Nehemia.