Sabuni ya Unga, Gari la Japani na Mpunga wa Mabogini

Mifereji ya mpunga ya Mabogini ilikamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani. Soko lilipofunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani hiyo hiyo nayo yakaanza kumiminika nchini. Na penye gari na maji ya bure, vijana waoshaji hawakosi: ndoo, tambara, sabuni ya unga ya kufulia, kazi inaanza.

Gari linatakata kweli, ila sabuni ile ni kali, inaondoa nta inayolinda rangi. Tambara lenye mchanga linamalizia kwa mikwaruzo. Miaka michache tu, bodi imepauka.

Siku hizi maduka ya spea Moshi mjini yanauza shampoo ya gari, nta na taulo laini. Bei imechangamka, lakini shampoo kidogo tu inatosha ndoo nzima. Chukua yenye lebo inayosomeka na kizibo kisichofunguliwa. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, achana nayo.

Halafu osha mbali na mfereji. Povu likishaingia mle linaelekea kwenye jaruba la mtu, na wali wa jioni unatokea huko huko.