Tuliandika Maji, Tukasahau Moto

Mtajie msomaji wa Kiswahili historia ya kusini mwa Tanzania, na neno la kwanza litakalomjia kichwani ni maji. Hana kosa. Vita vya Majimaji tunafundishwa tangu shuleni, na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, imepita mikononi mwa vizazi kadhaa vya wanafunzi. Maji yameshapata waandishi wake. Mimi leo nauliza habari za moto. Naona moto umeibadilisha nchi ile kuliko maji, na siku hizi moshi wake unapimwa kwa tani, halafu wa kwanza kunyooshewa kidole ni mkulima wa sehemu kama Kilimarondo.

Kilimarondo iko wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Ni nchi ya miombo, ile misitu ya miti iliyoachana, chini yake nyasi. Mvua zikikatika, nyasi zinaanza kukauka, na kabla mvua nyingine hazijarudi karibu na Desemba, moto unakuwa umeshapita sehemu kubwa ya pori. Mwingine unatoka shambani: mtu amefyeka, ameacha vikauke, amechoma ili apande mahindi, mihogo, mbaazi au ufuta. Mwingine umewashwa na wawindaji au warina asali. Ukimshinda aliyeuwasha, maofisa wa misitu wanauita moto kichaa. Jina zuri, lakini linaficha jambo. Kichaa hana sababu, na mioto ya kusini ina sababu zake, tena za muda mrefu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotumika kuhukumu. Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ikiungua yote inatoa zaidi ya tani 3.6 za hewa ukaa. Wanaopima kwa setilaiti wanasema Afrika peke yake ina takriban asilimia 70 ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka, na karibu nusu ya kaboni inayotokana na mioto hiyo. Ukisoma hivyo tu, utadhani sisi ndio tunaoichoma dunia.

Lakini moto si mmoja. Nyasi zilizoungua Julai zitaota tena mvua zikinyesha, na zikiota zitavuta hewani hewa ukaa ileile. Ndiyo maana katika taratibu za kimataifa za kuhesabu gesi joto, hewa ukaa ya nyasi za savana kwa kawaida haijumlishwi. Zinazohesabiwa ni methani na oksidi ya naitrasi, ambazo mmea hauzivuti tena. Mti ni habari nyingine. Mninga ulioungua mpaka ukafa hauwezi kurudishwa na mvua ya msimu mmoja. Kwa hiyo swali la maana ni moto uliunguza nini, mwezi gani, na nani aliyeuwasha. Hayo ni maswali ya historia, na kwenye jedwali la tani huyaoni.

Sasa turudi mwaka 1905. Miezi michache kabla ya vita, mwaka 1904, serikali ya Kijerumani ilishatoa amri ya misitu iliyoiruhusu kutenga hifadhi ambamo wenyeji hawakuruhusiwa kulima wala kuchoma moto. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha kwamba udhibiti huo wa misitu ni mmoja wa mizizi ya Majimaji. Yaani watu walinyimwa moto kabla hawajapewa maji. Vita vilipoanza kwenye vilima vya Umatumbi mwezi Julai, wapiganaji nao walitumia moto: boma la Liwale liliteketezwa, na misheni ya Nyangao ikachomwa.

Halafu Wajerumani wakaugeuza moto kuwa sera. Kapteni Wangenheim aliandika kwamba ni njaa na dhiki tu ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri kabisa. Vikosi vikachoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyefanya utafiti wa kina juu ya vita hivyo, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Mimi sijaona mahali popote moshi wa maghala yale umeandikwa kwa jina la aliyewasha.

Njaa ilipoondoa watu, pori lilirudi, na wanyama na mbung'o wakarudi nalo. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa upande wa Liwale, Wangindo hasa, ikawakusanya kwenye makazi mapya kwa hoja ya malale, na sehemu kubwa ya ardhi waliyoiacha ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Kiswahili kina neno zuri kwa mahali kama hapo: mahame. Anayepita leo anaona msitu wa asili. Mwenye kujua anaona mwembe porini, na anaelewa kwamba hapa palikuwa na mji wa watu.

Wakati huohuo, Nachingwea ilipata moto wa aina nyingine. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango wa karanga: zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe, nyingi zikiwa Tanganyika. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu kubwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Zilitumika katapila, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na minyororo ya meli iliyoburutwa kati ya mashine mbili ili kung'oa miti. Reli ikajengwa, na bandari ya Mtwara. Januari 1951 mpango ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Reli yenyewe iling'olewa miaka michache baada ya uhuru. Mashamba yakabaki na namba zake, mojawapo Shamba la 17, ambalo FRELIMO walilifanya kambi ya mafunzo katika vita vya kuikomboa Msumbiji.

Waandishi wengi wa mpango ule wanahesabu pauni. Hebu hesabu miti. Miombo iliyochukua miongo mingi kukua iling'olewa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mkulima wa jembe la mkono angefyeka ekari zake chache, angeacha visiki vichipue, na angehama ardhi ikichoka. Yeye ndiye aliyeitwa mharibifu, na mwenye mnyororo wa meli akaitwa mtaalamu.

Kuhusu mwezi wa kuchoma, ushahidi upo siku nyingi. Kuanzia mwaka 1933, huko Ndola, Zambia ya leo, walitenga vipande vya miombo: kimoja kinachomwa mapema kiangazi, kingine mwishoni, kingine hakichomwi. Kile cha mwishoni kikaelekea kuwa mbuga ya nyasi. Cha mapema miti yake ikaendelea kuishi. Sababu ni rahisi. Mwezi wa sita nyasi bado zina ubichi, moto unakwenda chinichini na kuzimika wenyewe usiku. Mwezi wa kumi kila kitu ni kikavu, upepo ni mkali, na miali inapanda mpaka matawini.

Hapa natoa hoja yangu mwenyewe. Watu wakiishi kwa kutawanyika, kila mmoja anachoma kuzunguka nyumba na shamba lake mapema, na pori linabaki limegawanyika vipandevipande, moto wa Oktoba hauna njia ndefu ya kupita. Wakikusanywa mahali pamoja, iwe kwa njaa ya 1905, kwa amri ya malale, au kwa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, katikati inabaki nyika isiyo na mwenyewe, inayosubiri cheche moja. Kama ni hivyo, sehemu ya ukichaa wa moto ule ilitengenezwa ofisini.

Simwosheani mkulima wa leo. Tanzania ilipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka kati ya 2002 na 2013, na ufuta, unaolipa vizuri, umefungua mapori mengi ya Lindi. Lakini angalia mwendo wa mambo. Mwaka 2015 ilipitishwa mbinu ya kimataifa iitwayo VM0029, iliyotokana na kazi ya misitu ya vijiji vya Kilwa, ya kuuza viwango vya kaboni kwa kuchoma mapema. Moto wa mwezi wa sita, ambao mwenyeji aliwahi kukatazwa, sasa una namba na una bei. Mimi nafurahi kijiji kikilipwa. Ila nataka mkataba ukisomwa Kilimarondo, mtu asimame aulize: hesabu hii inaanzia mwaka gani? Wakimjibu 2005 au 2010, basi mji ule wa mahame haumo, ghala la 1905 halimo, na mnyororo wa meli haumo. Wamo yeye na kiberiti chake tu.

Waandishi wa kusini wana kazi hapo, na waianze mapema. Wanaoikumbuka miezi ya moto ya zamani wanazidi kupungua.