Vichochoro vya Glasgow Mbele ya Kamera

Mwaka 1868 mpiga picha Thomas Annan alipewa kazi na bodi ya uboreshaji wa jiji la Glasgow, Uskoti: apige picha mitaa mikongwe iliyokuwa ikisubiri kubomolewa. Mitaa hiyo ilikuwa kandokando ya High Street, Saltmarket na Gallowgate, katikati kabisa ya jiji. Nyumba zake za mawe zilikwenda juu ghorofa kadhaa, na kati yake vilipita vichochoro vyembamba ambavyo jua halikufika chini ila kwa muda mfupi.

Msongamano huo ulikuwa na chanzo. Mwaka 1801 Glasgow ilikuwa na watu wapatao 77,000. Kufikia 1861 walikaribia 400,000. Viwanda viliwavuta watu kutoka milima ya kaskazini, na njaa ya miaka ya 1840 ikawaleta Waayalandi. Wenye uwezo walihamia magharibi mwa jiji, na nyumba walizoziacha zikagawanywa vyumba na kujazwa wapangaji. Wakuu wa jiji walijaribu kuzuia hali hiyo kwa kupigilia mlangoni kibati kilichoonyesha idadi ya watu walioruhusiwa kulala ndani. Wakaguzi walibisha hodi usiku wa manane kuwahesabu, na waliozidi walijificha chini ya vitanda, kabatini, hata juu ya paa.

Wapo wanaoamini kwamba picha za Annan ndizo zilizofichua umaskini huo na kuwashtua wakubwa. Tarehe zinakataa. Sheria ya kubomoa, iliyogusa ekari 88 na wakazi zaidi ya 50,000, ilipitishwa na bunge mwaka 1866. Kamera iliingia mitaani uamuzi ukiwa umeshafanyika, kuweka kumbukumbu ya majengo. Jacob Riis, aliyetumia picha kudai nyumba bora kwa maskini wa New York, alitoa kitabu chake baadaye sana, mwaka 1890.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Annan alitumia vioo vilivyopakwa kolodioni. Kila kioo kilipakwa dawa hiyo, kikatumbukizwa kwenye maji ya chumvi ya fedha, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, yote kwa dakika chache tu. Kwa hiyo chumba cha giza kilipaswa kuwa karibu. Dawa yenyewe haikuwa nyepesi kushika mwanga, na vichochoroni mwanga ulikuwa haba, hivyo lensi iliachwa wazi kwa muda mrefu. Aliyesimama tuli alitoka vizuri. Aliyegeuza kichwa alibaki na uso uliofutika. Aliyepita kwa haraka hakuonekana kabisa.

Ndiyo maana watu walioko kwenye picha hizi wanastahili kutazamwa kwa makini. Bodi ilitaka majengo, lakini wakazi walitoka milangoni wakajipanga mbele ya kamera, na wakatulia kwa hiari yao. Watoto wamesimama karibu na mfereji wa maji machafu unaokatiza mawe ya njia. Juu yao nguo zilizofuliwa zimening'inia kwenye miti iliyochomozwa madirishani, nyingine zikiwa ukungu mweupe kwa sababu upepo ulizipeperusha. Thamani kubwa ya picha hizi imo humo, katika maisha ya siku ya kawaida ambayo hakuna aliyeagiza yapigwe. Inasikitisha kwamba maelezo ya picha yanataja namba ya kichochoro na jina la barabara tu. Hakuna aliyeandika majina ya wakazi.

Ubomoaji ulianza mwaka 1870. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Glasgow kiliondoka High Street, na majengo yake ya kale, ambayo Annan aliyapiga picha pia, yakatoa nafasi kwa stesheni ya reli ya mizigo. Wengi waliovunjiwa nyumba hawakujengewa nyingine, wakaenda kujazana mitaa ya jirani. Mwaka 1878 benki ya City of Glasgow ilianguka, viwanja vya bodi vikakosa wanunuzi, na bodi ikajikuta mwenye nyumba wa vyumba vilevile ilivyokusudia kuviondoa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ilijenga nyumba zake yenyewe, Saltmarket.

Katika miaka hiyo ya mkwamo jiji liliagiza picha zichapwe upya kwa kaboni, njia isiyofifia upesi. Annan alifariki mwaka 1887. Mwaka 1900 mwanawe, James Craig Annan, alizitoa tena katika kitabu, na wakati huo vingi kati ya vichochoro hivyo vilikuwa vimeshabomolewa.