IQ ya Mdogo Wangu, na Miaka 120 ya Watu Kupimana Akili

Mathe aliitwa shule mwezi wa pili. Alirudi na barua imekunjwa mara nne ndani ya kibeti, na hakuongea hadi ugali ikaiva.

Mdogo wangu ako Gredi ya 4. Hapa nitamwita Jabali, si jina lake. Huyu kijana anaweza kufungua redio ya mkono, atandaze vipande vyote kwa meza, na airudishe ikiwa inaongea. Lakini ukimwambia asome aya moja kwa sauti, jasho linamtoka. Sasa barua ya mwalimu ilisema apelekwe akapimwe IQ. Na kwa mdomo mathe akaongezewa hii: "Mama, pengine shule ya kawaida si ya watoto kama yeye."

Tukiwa tunaosha vyombo, mathe akaniuliza, "Na wakimpima wapate namba ndogo, ndio basi? Inaishia hapo?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtoto wa KCPE. Nilipata 287, na kuna shangazi mpaka leo akiniona anakumbuka hiyo 287 kabla akumbuke jina langu. Kwa hivyo najua vile namba inaweza kukufuata. Lakini IQ nilikuwa naijua tu ile ya mitandaoni, ile unajibu maswali kumi halafu unaambiwa wewe ni Einstein, tuma kwa marafiki watano. Nikaamua kusoma. Nilichopata kilinishtua, na ndio sababu ya hii posti.

Hii story inaanza Paris. Ufaransa ilikuwa imelazimisha watoto wote waende shule, na ghafla madarasa yakawa na watoto ambao hawawezi kufuata masomo. Serikali ikaunda tume mwaka 1904 kuangalia watoto hao watasaidiwa vipi. Alfred Binet, mwanasaikolojia, pamoja na daktari kijana Théodore Simon, wakatoa kipimo mwaka 1905. Kilikuwa na kazi 30, kuanzia rahisi kabisa: mtoto anafuata kiberiti kinachowaka kwa macho? Anaweza kutaja vitu kwenye picha? Anaweza kurudia namba alizosomewa? Baadaye wakazipanga kulingana na umri.

Sikiza hapa vizuri. Binet hakutaka kumpa mtoto alama ya maisha. Alitaka kujua nani anahitaji kufundishwa kwa njia tofauti. Aliwapinga waziwazi watu waliosema akili ni kiasi kimoja ambacho hakiongezeki, na akatunga mazoezi ya kuwasaidia watoto kuwa makini na kukumbuka. Halafu akafariki mwaka 1911, na kitu chake kikabaki mikononi mwa wengine.

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern akasema, chukua umri wa akili wa mtoto, gawanya kwa umri wake wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akatoa toleo lake la kipimo cha Binet na akazidisha hiyo hesabu mara 100. Hapo ndipo IQ tunayoijua ilizaliwa: namba moja nzima, rahisi kubeba, rahisi kumrushia mtu.

Na ikarushwa. Henry Goddard, aliyeleta kipimo cha Binet Marekani, alipeleka wasaidizi wake Ellis Island, bandari ya New York, kupima wahamiaji. Fikiria umetoka kijijini Ulaya, umekaa melini majuma, hujawahi kushika penseli, halafu mtu anakuuliza maswali kupitia mkalimani. Ukikosa, unaandikwa una upungufu wa akili.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, jeshi la Marekani likapima wanajeshi karibu milioni 1.7 chini ya Robert Yerkes. Kati ya maswali kulikuwa na moja lililouliza Crisco ni nini. Crisco ni mafuta ya kupikia ya huko. Yaani ni kama leo umwulize mtu wa Oslo kama Kimbo ni dawa ya meno ama ni mafuta, akikosa useme hana akili. Matokeo ya jeshi yalitumiwa na Carl Brigham mwaka 1923 kuandika kwamba watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya wana akili ya chini. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria kali ya kuzuia wahamiaji kutoka huko, na hoja za aina hii zilikuwa hewani. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe aliandika kwamba uchambuzi wake haukuwa na msingi. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kisa kilichonikalisha chini ni cha Carrie Buck wa Virginia. Alikuwa msichana maskini aliyelelewa na familia nyingine. Alipata mimba akiwa na miaka 17, na alisema alibakwa na jamaa wa familia hiyo. Wakampeleka kwenye taasisi ya watu wenye upungufu wa akili. Walimpima, wakasema akili yake ni ya mtoto wa miaka 9. Mama yake alikuwa ndani tayari. Kisha wakamwangalia mtoto wake Vivian, mchanga wa miezi michache, wakasema naye haonekani sawa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 8 kwa 1, kwamba serikali inaweza kumfunga kizazi kwa nguvu. Ikafanyika. Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifanyiwa hivyo katika karne hiyo. Na Vivian? Alienda shule, na kuna muhula aliingia kwenye orodha ya wanafunzi bora. Alifariki mwaka 1932 akiwa na miaka 8.

Miaka 8. Jabali ana 9.

Kama unafikiri haya ni mambo ya wazungu na nchi zao, pole. Yalifika Nairobi. Miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon, aliyehudumu Mathari, alikuwa anahubiri kwamba ubongo wa Mwafrika umezaliwa ukiwa duni. Mwenzake F. W. Vint alikuwa anapima uzito wa ubongo wa Waafrika waliokufa na kuulinganisha na wa Wazungu. Mwaka 1933 walowezi wakaanzisha chama hapa Kenya cha kile walichokiita kuboresha jamii za watu. Waliomba London pesa za utafiti mkubwa, hawakupewa.

Wakati huohuo mwanasaikolojia R. A. C. Oliver alitunga mtihani wa akili kwa Waafrika, ukachapishwa na mpiga chapa wa serikali Nairobi mwaka 1932. Alilinganisha wanafunzi wa Alliance na wale wa Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Hebu piga picha. Huyu mmoja ametembea kutoka kwao, Kiingereza ni lugha yake ya pili ama ya tatu, serikali inatumia senti kwa elimu yake. Yule mwingine amezaliwa nyumba yenye vitabu na mpishi. Wazungu walipata alama za juu. Oliver mwenyewe alikuwa mwangalifu kuhusu sababu ya tofauti hiyo. Watu wa kambi ya Gordon hawakuwa na huo uangalifu, kwa sababu walikuwa na jibu kabla ya swali. Kama Mwafrika hawezi, basi hakuna haja ya kumjengea shule nzuri wala kumrudishia shamba.

Hapo ndipo nilielewa swali la mathe. Aliogopa namba itumike kufunga mlango. Na historia inasema hakuwa anaogopa bure.

Lakini ningeishia hapo ningekuwa nakudanganya, juu kuna upande mwingine, na baadhi ya ushahidi umetoka hapahapa kwetu.

Embu, mwaka 1984, watafiti waliwapima watoto wa shule vijijini kwa mafumbo ya michoro. Mwaka 1998 wakarudi eneo hilo na mafumbo yaleyale. Watoto wa mwaka 1998 walifanya vizuri zaidi kwa tofauti kubwa. Miaka 14 tu! Damu haiwezi kubadilika kwa miaka 14. Watafiti waliangalia mambo kama chakula bora, wazazi waliosoma zaidi, na familia zenye watoto wachache. James Flynn alikuwa ameonyesha kitu kama hicho Marekani, ambako alama zilipanda karibu pointi 3 kila miaka 10. Kwa hivyo tofauti ambayo Gordon aliita ya kuzaliwa inaweza kupungua mtoto akipata lishe na mzazi anayesoma.

Nyingine ni ya Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Robert Sternberg na wenzake waliwauliza vijana kuhusu mitishamba inayotibu magonjwa ya kawaida pale. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwa vipimo vya msamiati. Sababu moja waliyofikiria ni kwamba mtoto hawezi kuwa kila mahali: aliyetumia muda na nyanya akijifunza majani hakuutumia na kitabu. Na kwa Kijaluo, akili haina jina moja. Kuna rieko, kuna luoro, kuna paro, kuna winjo, na ndani yake kuna heshima, kujituma na kuelewa hali. Rieko ndiyo iliyofanana na alama za shule. Hizo nyingine zilibaki nje ya karatasi.

Na hii naipenda zaidi. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti wa watoto wa Zambia na wa Uingereza walioombwa kunakili maumbo. Kwa penseli, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, walikuwa sawa. Wewe uliyetengeneza gari la waya utotoni unajua ni kwa nini.

Basi tulifanya nini? Tulimpeleka Jabali.

Najua, baada ya hayo yote! Lakini tulienda tukijua tunatafuta nini. Pesa ilikaribia kodi yetu ya mwezi, tukachanga na mjomba. Mwanasaikolojia alikaa naye ana kwa ana karibu saa moja na nusu. Kipimo chenyewe kilikuwa cha ukoo wa David Wechsler, yule wa hospitali ya Bellevue, New York, aliyetoa kipimo chake cha kwanza mwaka 1939 na cha watoto mwaka 1949. Wechsler aliona namba moja haitoshi, akagawa kazi: maneno upande wake, kupanga vitalu vyenye rangi upande wake. Matoleo ya leo yanapima pia kumbukumbu ya muda mfupi na kasi. Wastani ni 100, na karibu thuluthi mbili ya watu wako kati ya 85 na 115.

Matokeo yakaja. Kwa vitalu na mafumbo ya michoro, Jabali alikuwa juu ya wastani. Kwa kushika namba kichwani na kwa kasi, chini. Yule mama alituambia pengo ni kubwa hivi kwamba kujumlisha kila kitu kuwa namba moja kungekuwa uongo wa adabu. Akampima kusoma kando. Jabali ana disleksia. Herufi na sauti hazishikani haraka kwake, na hiyo haina uhusiano na ujinga. Ripoti ilisema asomewe maswali, aongezewe muda, na afundishwe sauti za herufi hatua kwa hatua.

Kwa maneno mengine, tulipata kile Binet alitaka mwaka 1905.

Kwa hivyo, kama kwenu kuna mtoi ameambiwa akapimwe, ama wewe mwenyewe unataka kujijua ukiwa mtu mzima, haya ndiyo maoni yangu. Nenda kwa mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo na aliyesajiliwa. Sheria ya taaluma hiyo ipo Kenya tangu 2014. Kama pesa ni shida, uliza kuhusu vituo vya serikali vya kutathmini watoto, vilivyoanza mwaka 1984. Uliza kipimo kilitengenezewa watoto wa wapi, maana vingi vilisanifiwa Marekani na Uingereza. Mwambie anayepima mtoto anaongea lugha gani nyumbani. Hakikisha macho na masikio yameangaliwa, na mtoto amekula na kulala. Omba ripoti inayoeleza kila sehemu. Na kabla ya yote, uliza: baada ya kupata namba, mtamfanyia nini? Wakikosa jibu, shika mtoto wako mkono mwende nyumbani.

Mathe alipeleka ripoti shule. Mwalimu aliisoma yote amesimama, akasema ana watoto 62 darasani, hajui muda wa kumsomea mmoja atautoa wapi. Hilo ni tatizo la kweli na sitamtukana. Wamekubaliana Jabali akae mbele, na rafiki yake amsomee maswali ya hesabu.

Jana alinisomea mistari minne. Ilichukua dakika sita, nilihesabu. Halafu akaniuliza kama naweza kumnunulia betri, kuna redio ya jirani anataka kuirekebisha.