Bawaba, luva na kigurudumu: dirisha lilivyobadilika mkoani Mara

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, Musoma haikusikia honi ya treni. Ilichopata ni shehena. Meli za reli hiyo zilizunguka Ziwa Victoria zikishusha bati, misumari, vitambaa na chumvi, na pamoja na hivyo vikaja vyuma vidogo ambavyo wanahistoria hawajavijali sana: bawaba, makomeo na vitasa. Tawi la reli ya kati lilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo, bidhaa ya ng'ambo iliyokuwa inakuja Musoma ilipita zaidi njia ya Kisumu.

Wenyeji hawakuwa wakizisubiri bawaba hizo. Nyumba ya msonge ya Wazanaki, Waikizu au Wakurya ilikuwa na mlango mmoja mfupi, mtu anaingia ameinama. Usiku ulizibwa kwa ubao au fito zilizosukwa, na mti ukawekwa kukingama kwa ndani. Dirisha ama halikuwepo ama lilikuwa tundu tu. Baadhi ya wageni waliona huo ni ushamba, lakini mwishoni mwa karne ya 19 nchi hii ilikuwa na uvamizi wa ng'ombe usiokwisha, hata sehemu nyingine watu wakajenga kuta za mawe kuzunguka makazi. Katika hali hiyo tundu kubwa ukutani ni la nini? Waturi, yaani ukoo wa wahunzi, walifua majembe, mikuki na ncha za mishale. Bawaba haikuwa na mteja.

Wateja wa kwanza walikuwa wamisheni, maofisa na wenye maduka. Wamisionari Wakatoliki walianza Nyegina mwaka 1911. Wamenoni kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, kisha wakaja Bukiroba jirani na Musoma. Mwaka huohuo wa 1934, mtoto wa Chifu Nyerere Burito alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, na kwa hiyo alihama pia kutoka nyumba za duara kwenda majengo ya pembe nne. Nyumba ya pembe nne ndiyo inayodai dirisha. Fundi seremala aliyefunzwa misheni akajua kupima fremu, kupiga randa na kuchimbia bawaba ili ubao wa dirisha ukae sawa na fremu.

Kwenye mitaa ya biashara mjini, duka la Mhindi lilikuwa na mlango wa mbao nzito wenye shata mbili, komeo refu la chuma likipita katikati na kufuli mwishoni. Nyumba za serikali zikapata dirisha la chuma lenye vioo vidogo vidogo, lile lililojulikana kwa jina la kampuni ya Crittall ya Uingereza. Dirisha hilo lilikuwa imara, ila lilitaka matunzo ambayo serikali zetu hazijawahi kuwa hodari nayo. Rangi ikibanduka, kutu inaingia, fremu inavimba, bawaba inakwama. Pati inayoshika kioo inakauka na kupasuka, kioo kinadondoka, na badala ya kioo kipya kinawekwa kipande cha maboksi.

Kisha ikaja luva, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kizazi kizima cha Musoma na Bunda kimekulia nyuma yake. Luva ni vipande vya kioo vyenye upana wa inchi sita hivi, vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Kila kipande kinashikwa pembeni na vibano vyepesi vya alumini, na vibano hivyo vimefungwa kwenye vyuma viwili vya wima. Ukivuta mkono mmoja mdogo, vioo vyote vinainuka pamoja. Kwa wengi wetu alumini haikuanza dirishani kama fremu. Ilianza kama kibano kidogo.

Kwa joto la Musoma luva ilifaa kuliko kitu chochote kilichoitangulia au kilichoifuata, kwa maana ilifungua dirisha karibu lote. Ila kibano kile ni laini. Mwizi hakuhitaji kuvunja kitu: alikunja kibano kwa bisibisi, akachomoa kioo, akakiweka chini taratibu, akafuata cha pili. Ndiyo maana nyuma ya luva kukawa na nondo, na baadaye grili za kuchomelea zenye maua na jua linalochomoza. Luva pia haikuwahi kufunga kabisa. Vumbi la Bunda lilipita, na mvua ya upepo kutoka ziwani ilipita.

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 dirisha lilirudi nyuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa, vita na Idi Amin vikafuata, fedha za kigeni zikakauka. Kibano kikikatika hakuna cha kubadilisha. Vitu vya dukani vikawa vya foleni au vya magendo, na Mara, mkoa wa mpakani, uliijua biashara hiyo vizuri. Mafundi wakageukia walichokuwa nacho: kipande cha tairi kikikatwa na kupigiliwa misumari kinakuwa bawaba. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983, na kuanzia 1984 masharti ya uagizaji bidhaa yakaanza kulegezwa. Bawaba za tairi bado utaziona vijijini, kwenye mabanda ya kuku na milango ya vyoo, na zinafanya kazi.

Alumini yenyewe ni chuma kipya duniani. Hadi mwaka 1886, Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa walipogundua, kila mmoja kivyake, namna ya kuipata kwa umeme, ilikuwa kitu cha anasa. Mwaka 1894 Alexander Dick alipata hataza ya mashine ya kusukuma metali ya moto kupitia tundu lenye umbo maalumu, ikatoka ndefu yenye umbo hilohilo, kama tambi. Fremu zote za leo zimezaliwa na wazo hilo. Tanzania ilipata kiwanda cha Aluminium Africa, yaani ALAF, jijini Dar es Salaam mwaka 1960, lakini kwa mwananchi wa kawaida jina hilo lilimaanisha bati.

Fremu za alumini zilienea kwenye nyumba za watu katika karne hii, vipande vikiletwa kwa wingi kutoka China. Fasheni peke yake haielezi kasi yake. Mchwa wa Mara hauli alumini. Mbao ngumu kama mninga na mvule zimepanda bei na kuadimika. Halafu umeme: fundi wa alumini anaishi kwa msumeno wa umeme na dreli, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ulisogeza nguzo hadi mahali ambapo zamani angelazimika kukatia kazi yake mjini. Mwaka 2023 kiwanda cha vioo kikazinduliwa Mkuranga, mkoani Pwani, kwa hiyo hata kioo sasa kinaweza kuwa cha hapa nchini.

Dirisha la kusukuma linaonekana rahisi, lakini lifungue ulione. Fremu ya nje ina reli mbili au tatu: mbili za vioo, ya tatu ya wavu, ambao Musoma ni lazima, kwa mbu na kwa vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi jioni. Chini ya kila kioo kuna vigurudumu viwili. Pembeni kuna raba ya kushika kioo na manyoya ya kuzuia vumbi. Katikati kuna kifungio chenye umbo la mwezi mwandamo. Kwenye reli ya chini panatakiwa kuwa na matundu madogo ya kutolea maji nje. Fundi mwenye haraka huyasahau, na mvua ya kwanza inapokuja maji yanajaa relini na kumwagikia sebuleni, mwenye nyumba akamlaumu mpigaji lipu.

Maji ya ziwa hayana chumvi ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo fremu ya Musoma ina bahati kuliko ya Tanga. Inaweza kumaliza miaka mingi bila doa. Kinachokufa mapema ni kigurudumu cha plastiki laini kinacholiwa na mchanga, kifungio kinacholegea, na skrubu ya chuma cha kawaida inayoota kutu. Wateja wetu hubishana kutwa kuhusu rangi, iwe ya fedha, ya kahawia au nyeusi, na hawaulizi neno juu ya vitu hivyo. Matokeo ni nyumba nyingi nzuri zenye madirisha yanayofunguliwa kwa kunyanyua kwa mikono miwili.

Anayetaka kuona historia hii kwa macho aende Mwitongo, Butiama, kwenye makazi ya Mwalimu Nyerere yenye nyumba za vipindi tofauti, na safari hii aangalie madirisha.

Anayejenga, kabla hajatoa malipo ya awali kwa fundi wa Nyasho, Bunda mjini au Kiabakari, amwombe aweke mezani kigurudumu, kifungio na skrubu atakazotumia. Azungushe kigurudumu kwa kidole, afunge na kufungua kifungio mara kadhaa, aulize skrubu ni za chuma gani, kisha amwonyeshe fundi mahali anapotaka matundu ya maji yatobolewe. Rangi ijadiliwe baadaye.